Michael Armitage na ule umati ambao sote tumo ndani

Wacha nianze na pesa tuzimalize mapema, manake ukimtajia Mkenya mchoraji swali la kwanza huwa ni anauza ngapi. Novemba 2019 picha moja ya Michael Armitage, The Conservationists, iliuzwa mnadani Sotheby's huko New York kwa kama dola milioni 1.5. Haya, ndo hizo. Na kabla hujamwonea wivu, mnadani anayelipwa ni yule aliyeileta picha, si aliyeichora. Sasa tuongee picha zenyewe.

Mimi sanaa sikuisomea, nasema mapema kabla wajuzi hawajanijia juu, mimi ni mtu wa hesabu za vitabu vya watu na napenda kuangalia picha, basi. Lakini huyu jamaa nimekuwa nikimfuatilia kwa katalogi na kwa simu na popote penye kazi yake imewekwa vizuri mtu aweze kuivuta karibu, na kuna kitu naona hakisemwi sana. Watu wakimuandika wataandika rangi zake, na kweli rangi zake zina wazimu, zambarau inakaa ubavuni mwa kijani kibichi na hakuna anayegombana. Wataandika ile nguo ya magome anayochorea, nitaifikia. Wataandika wale wachoraji wa zamani wa Ulaya, Goya na Titian na Gauguin. Lakini ziangalie zile picha zake kubwa kubwa, utakuta nyingi zina umati. Kuna wanaofanya jambo, kuna wanaotazama, na wewe unayeiangalia picha umesimamishwa pale pale wanaposimama watazamaji wenzako, huna ukuta wa kujificha nyuma yake. Mimi naona hapo ndo anaikamata historia yetu ya baada ya uhuru kuliko wale wanaochora minyororo na ramani ya Afrika iliyokatwakatwa. Manake kwenye picha zake mkoloni mwenyewe hayupo. Alishaondoka. Tuliobaki ni sisi na vitu alivyoviacha, na tunavitumiana sisi kwa sisi.

Kwa asiyemjua: Michael Armitage amezaliwa Nairobi 1984, mama Mkikuyu, baba Muingereza. Akaenda kusoma sanaa London, chuo cha Slade kwanza, alaf Royal Academy Schools akamaliza 2010, na tangu hapo amekuwa akiishi mguu mmoja huku mguu mmoja kule. Venice Biennale ya 2019, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Italia, alikuwepo. Mtu akitaka kumpunguza huanzia hapo hapo, ati huyu ni chotara (Nairobi wanasema pointi), anaishi kwa wazungu, anawauzia wazungu shida zetu. Nimeyasikia sana hayo na sitayapuuza, nitayarudia mbele. Kwanza Likoni.

Mimi ni mtu wa ng'ambo. Kama hujawahi kuishi Mombasa, ng'ambo ni kule kusini ukishavuka feri, na feri si usafiri tu, feri ndo saa yenyewe ya maisha ya mtu wa Likoni, unaamka kwa feri, unachelewa kwa feri, ukifukuzwa kazi ni kwa sababu ya feri. Ule mteremko wa kushukia majini ukiwa umejaa watu saa kumi na moja jioni, wanafunzi, mama na mabeseni, mikokoteni, baiskeli, mtu ana kuku, huwezi kugeuka wala huwezi kusimama, unabebwa. Na kila mtu wa ng'ambo wa umri wangu amelelewa na hadithi ya Mtongwe, ile feri iliyozama Aprili 1994 wakafa watu 272, kwa hivyo ndani ya ule msongamano kuna woga wa zamani ambao hautajwi, mtu anacheka anakula njugu lakini anajua yuko upande gani wa feri.

Sasa Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu ya korona, saa moja jioni kila mtu awe ndani. Waliotoka kazini kisiwani wakajikuta wote kwa wakati mmoja pale pale kwenye foleni ya feri, na ati kulikuwa na agizo la kusimama mbali mbali, mita moja, pale Likoni, jamani. Polisi wakaja na rungu na gesi ya machozi. Watu wakalazwa chini, wakapigwa, wakatapika, na saa moja yenyewe ilikuwa hata haijafika. Wengi wetu tuliona klipu usiku huo huo. Siku chache baadaye, tarehe 1 Aprili, rais akaomba radhi kwa wananchi kwa yale polisi waliyoyafanya, na maisha yakaendelea manake yalikuwa lazima yaendelee.

Armitage aliichora hio siku. Picha inaitwa Curfew (Likoni March 27 2020), aliimaliza 2022, na sasa iko MoMA, lile jumba la sanaa la New York. Hebu fikiria hapo kidogo. Klipu za Likoni zilikuwa na maisha ya siku nne tano, kisha ikaja klipu nyingine ya polisi mahali pengine, na nyingine, ukasahau. Yeye akakaa nayo karibu miaka miwili. Mtu anapokaa na jambo miaka miwili baada ya nchi nzima kulipita, mimi hilo naliheshimu hata kabla sijaangalia kama picha ni nzuri. (Ni nzuri. Inaumiza tumbo.)

Na hapa ndo pa ule ukoloni niliosema. Ile kafyu ya 2020 haikutungiwa sheria mpya. Ilitangazwa chini ya Public Order Act, sheria ya 1950, iliyotungwa na serikali ya mkoloni miaka miwili kabla ya Hali ya Hatari ya Oktoba 1952, ile ya vita vya Mau Mau. Nyanya zetu wa bara walifungiwa vijijini kwa sheria za namna hio, Nairobi ikafagiwa nyumba kwa nyumba Aprili 1954 kwenye ile Operation Anvil, kipande (kile kitambulisho cha mkoloni) mkononi, watu maelfu kwenye malori. Miaka sabini baadaye sheria ni ile ile, rungu ni lile lile, anayeshika rungu ni kijana wa Kiafrika ambaye pengine mamake pia amekwama kwenye feri fulani. Hakuna mzungu hata mmoja kwenye ule mteremko. Ukitaka kumweleza mtoto maana ya hilo neno refu wanalolitumia vyuoni la baada-ya-ukoloni, usimpe kitabu, mpeleke akaone ile picha akuulize mbona wanapigwa, na wewe ujaribu kujibu.

Kuna picha zake nyingine zimetoka Uhuru Park. 2017, mwaka wa uchaguzi wetu ule wa mara mbili, Agosti tukapiga kura, tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta, Oktoba 26 tukarudia na nusu ya nchi ikakaa nyumbani. Armitage alienda Uhuru Park kwenye mkutano wa upinzani pamoja na waandishi wa televisheni, akakaa akitazama na kuchora, na kutoka hapo zikatoka picha kadhaa. Moja ni The Fourth Estate. Watu wamepanda mti ili waone vizuri, matawi yamejaa binadamu, na kuna bango lenye chura. Wajuzi watakuambia ameukopa ule mti kwa Goya, ile michoro yake ya Disparates ambapo watu wamekaa kwenye tawi kavu kama hawana habari, na ni kweli ukiziweka pamoja utaona. Lakini mtu yeyote aliyewahi kwenda mkutano wa siasa Kenya hahitaji Goya. Lazima kuna mti, lazima umejaa, lazima tawi litaanza kulia na hakuna atakayeshuka.

Nyingine inaitwa The Promised Land, ya 2019. Kwa Mkenya wa 2017 jina hilo halihitaji maelezo. Ni Canaan. Raila Odinga, mgombea wa upinzani, alikuwa Joshua mwaka huo, alisema atatuvusha, watu waliimba Canaan barabarani hadi wakapoteza sauti, wengine wakapoteza na maisha. Na ukumbuke Uhuru Park yenyewe ni mahali gani. Ilifunguliwa na mzee Kenyatta 1969. Hapo ndo Wangari Maathai alipigania 1989 usijengwe mnara wa ghorofa sitini, akatukanwa bungeni. Hapo katiba mpya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010, nchi nzima ikashangilia. Hapo Januari 30, 2018 Raila akajiapisha. Bustani moja, na umati ni ule ule unaenda na kurudi na mabango tofauti. Kinachonifurahisha ni kwamba Armitage hachukui upande kwenye zile picha, hakuna malaika upande huu na shetani upande ule. Wanaopiga kelele ukiwaangalia ana kwa ana ni wazuri na wanatisha, na wamechoka, na mmoja anaonekana kama hata hajui kwa nini alikuja. Nawajua hao watu. Ni jirani zangu.

Haya, nguo. Armitage hachorei turubai ya kawaida, anachorea lubugo, ile nguo ya magome ya Waganda. Mti unaitwa mutuba. Msimu wa mvua wanabandua gome la ndani, wanalipondaponda kwa nyundo za mbao, nyundo za aina tofauti tofauti moja baada ya nyingine, mpaka linalainika na kutanuka na kuwa nguo yenye rangi ya udongo mwekundu. Shina lililobanduliwa linafungwa majani ya migomba lipone, mwaka unaofuata linatoa gome lingine, mti haufi. Kazi hio kule Buganda ni ya ukoo wa Ngonge tangu zamani, na UNESCO iliitambua 2005. Wafalme walivaa lubugo, wafu wanazikwa nayo. Makaburi ya Kasubi, yale yaliyoungua Machi 2010, ndani yake pazia la magome ndilo lililokuwa likiwatenga wafalme waliolala na watu walio hai.

Na yeye alikutana nayo wapi? Soko la watalii Nairobi, 2010, imekatwa vipande vya kuwekea sahani mezani. Nguo ya mfalme na ya maiti, inauzwa mtalii aweke supu juu yake. Mimi hapa huwa nataka kucheka na kulia kwa pamoja, na nafikiri na yeye alitaka hivo hivo, manake badala ya kwenda kutafuta nguo "safi" ya kiasili ambayo haijaguswa na biashara, aliichukua pamoja na aibu yake yote. Alaf ni nguo kaidi. Ina matundu, ina mishono mahali mafundi walipoziba, ina makunyanzi ambayo hayanyooki hata uivute vipi, na yeye hayafichi, anaweza kuchora uso mzuri kabisa na tundu likaangukia shavuni na akaliacha. Kwa simu hulioni hilo, picha inaonekana laini. Mtu aliyesimama mbele yake atakwambia kwanza anaona mishono.

Kuna wanaosema hapo ameiba, kwamba yeye si Mganda. Sijui niseme nini, Nairobi yote imejengwa na vitu vya majirani. Ningekasirika kama angejifanya ni yake. Yeye anaeleza kila mahali ilikotoka na aliikuta wapi, hadi zile sahani.

Ile habari ya mtalii hajaiacha, na hapa anarudi kwetu Pwani. Kuna picha ya 2016 inaitwa Nyali Beach Boys, na kama umekulia Mombasa jina tu linakutosha, wale vijana wa ufukweni wanaouza safari za boti na vinyago na saa zingine wanajiuza wenyewe, tunawacheka mchana na usiku tunapokea pesa walizotuma nyumbani. Amewapanga kama wale wanawake wa Picasso wa Les Demoiselles d'Avignon, ya 1907, ile picha maarufu ambayo Picasso alizivisha baadhi ya nyuso sura za vinyago vya Kiafrika. Sasa tazama mzunguko wake: vinyago vilitoka huku vikaenda Paris, Picasso akavitumia kuchora wanawake wa danguro, na karne moja baadaye kijana wa Nairobi anaichukua ile danguro nzima anairudisha Nyali, kwenye ufuo, lakini wanaouzwa sasa ni wavulana na wanaonunua wamekuja kwa ndege. Na wewe unayetazama umesimama wapi? Pale anaposimama mteja. Ndo nasema jamaa ana ubaya fulani wa makusudi. Watu wa ng'ambo hatuipendi hio picha, nimemuonyesha mjomba wangu mmoja ambaye alifanya kazi hotelini Diani miaka mingi akairudisha simu bila kusema neno, akauliza chai iko wapi.

Haya sasa turudi kwenye lile lalamiko, kwamba anawachorea wazungu. Kwa sehemu ni kweli, zile picha kubwa zinaishi London na New York na sebule za matajiri, Mkenya wa kawaida anaziona kwa skrini kama mimi. Lakini angalia alichofanya na jina lake lilipokuwa kubwa. Maonyesho yake ya Paradise Edict yalipoenda Haus der Kunst kule Munich 2020 na kisha Royal Academy London 2021, hakukubali kuingia peke yake, aliingia na wazee. Kulikuwa na Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu, Meek Gichugu, Asaph Ng'ethe Macua. Yaani mzungu aliyelipa tiketi kuja kumwona kijana mpya aliyetoka gizani Afrika alikutana mlangoni na waliomtangulia, ajue huyu hakuota kama uyoga.

Na hao wazee, lo, kila mmoja anastahili kuandikiwa pake. Elimo Njau ni Mchaga wa Kilimanjaro, akasoma Makerere, alaf mwisho wa miaka ya hamsini, Hali ya Hatari ikiwa bado haijaondolewa, akachora kuta za kanisa la Murang'a lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Picha tano kubwa, kuanzia kuzaliwa kwa Yesu mpaka msalaba, na Yesu ni Mwafrika, mabonde ni ya Murang'a, migomba na vilima vyenyewe. Mtanganyika anachora ndani ya kanisa la Kikuyu katikati ya vita ambayo iliwagawanya Wakikuyu wenyewe, ndugu na ndugu. Ukiniuliza ni nani alianza kuchora umati wetu na jeraha letu, nitakwambia nenda Murang'a kabla hujaenda MoMA, nauli ya matatu inatosha. Jak Katarikawe alikuwa dereva kule Uganda kabla ya kuwa mchoraji, akachora ng'ombe wanaopendana kuliko watu, akafia Nairobi 2018. Na Sane Wadu, huyu ndo kipenzi changu, alikuwa mwalimu wa shule akaacha kazi ili achore, akawa anatembea amevaa nguo alizozipaka rangi mwenyewe, watu wakasema ameruka akili, basi akajipa jina la Sane, yaani mwenye akili timamu, na akalichukua hilo hilo maisha yote.

2020 Armitage akaanzisha NCAI, Nairobi Contemporary Art Institute, iko Rosslyn Riviera, njia ya Limuru, ndani ya jengo la maduka, ndio, unapita supamaketi kwanza. Maonyesho ya Sane Wadu ya I Hope So yalikuwa hapo, na yale ya wachoraji kumi wa Afrika Mashariki, Mwili, Akili na Roho, nayo yaliletwa nyumbani baada ya Ulaya. Nilikwenda. Sitawachosha na hisia zangu, nitasema tu nilimkuta mlinzi wa zamu akimweleza mgeni mmoja habari za ng'ombe wa Katarikawe kwa undani ambao mimi na katalogi zangu sikuwa nao, na yule mgeni akaacha kusoma vile vibandiko vya ukutani akamfuata mlinzi picha hadi picha. Kwa miaka mingi kazi za hawa wazee zilinunuliwa Nairobi na watu wa balozi na mashirika wakaondoka nazo mkataba ulipoisha, ndo maana mtu wa umri wangu angeweza kumaliza shule yote hajaona hata moja. Kwa hivyo mtu akiniambia ati anawachorea wazungu namuuliza, na wewe ulishafika Rosslyn? Hajafika. Nauli ya huko nayo ni mzozo, nakubali, hakuna mtu wa Likoni wala wa Kayole atajikuta huko kwa bahati tu. Hio ni hoja ya kweli, ile ya uchotara si hoja.

Imebaki picha moja ambayo mimi na dada yangu mdogo tumegombana kwayo na bado tunagombana.

Novemba 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo mchana kweupe kwenye stendi ya matatu Nairobi na kundi la wanaume, ati amevaa vibaya. Ikachukuliwa vidio. Tarehe 17 wanawake wakaandamana mjini, wengine na sketi fupi makusudi, ile #MyDressMyChoice, yaani nguo yangu, chaguo langu. Desemba sheria ikabadilishwa, kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Mwaka uliofuata Armitage akachora picha akaiita kwa jina lile lile, #mydressmychoice. Mwanamke amelala uchi, mlalo ni wa ile Venus, mungu wa kike wa mapenzi, ya mchoraji Mhispania wa zamani Velázquez, iliyoko National Gallery, London, na kuna miguu na viatu vya wanaume waliomzunguka. Sisi tunaotazama tumefunga duara upande uliobaki.

Mimi nikamwambia dada angalia alivyotubana, huwezi kuitazama hii bila kuwa mmoja wao. Na nikamwambia pia, ile Venus yenyewe ilishakatwakatwa kwa shoka la nyama 1914 na Mary Richardson, mmoja wa wale wanawake wa Uingereza waliokuwa wakidai kura, kwa hivyo miaka mia kabla ya stendi yetu ule mwili tayari ulikuwa uwanja wa vita, na nina hakika mchoraji alilijua hilo alipouchagua.

Dada akaniangalia tu. Akasema, "Kaka, yule dada walimvua mara moja pale stendi. Vidio ikamvua mara ya pili. Sasa huyu wako amemvua ya tatu, na hii ya tatu inatundikwa ukutani, haitafutwa."

Nikamwambia lakini bila uchi hakuna picha, jambo lenyewe lilikuwa uchi. Akasema basi angewachora wale wanaume. Viatu havina majina, angechora nyuso. Nikasema nyuso zilikuwa kwenye vidio na nchi nzima iliziona na hazikutufundisha chochote. Akasema basi angalau mara hii tungekuwa tunatazama kitu sahihi. Nikataka kumrudisha kwenye Likoni, jinsi Armitage alivyowachora waliopigwa bila kuwadhalilisha, dada akaniwahi, "Likoni walikuwa wengi. Huyu alikuwa peke yake."

Mimi bado naona ni picha yake kali kuliko zote za miaka ile. Dada amekataa kabisa, na akija nyumbani ananiambia niifunge hio katalogi kabla hajakaa.